Tamthilia za Kikorea: Kipi Kweli, Kipi Uzushi

Mwaka 2024 filamu tatu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote katika majumba ya sinema duniani zilikuwa Inside Out 2, Deadpool & Wolverine na Moana 2. Zote tatu ni mwendelezo wa hadithi iliyokwisha kusimuliwa. Basi mtu akisema amechoka na muvi, ana haki. Anajua steringi hafi. Anajua jiji litabomolewa dakika za mwisho, na kabla hajainuka kitini ataonjeshwa kidogo filamu itakayofuata ili arudi tena mwakani.

Watu wa namna hiyo huwa nawashauri wajaribu tamthilia ya Kikorea. Wengi hukataa hata kabla ya kutazama, na sababu zao zinafanana: wamesikia kwa fulani, waliona kipande kwenye simu ya mtoto, walimkuta shemeji analia mbele ya runinga. Naamini wanajinyima hadithi zilizoandikwa kwa uangalifu kuliko nyingi tunazouziwa siku hizi, kwa hiyo nimeyachukua madai yao moja moja. Mengine ni uzushi mtupu, mengine yana nusu ya ukweli, na yako ambayo ni kweli kabisa na sina nia ya kuyaficha.

“Zote ni mapenzi ya kijana tajiri na binti maskini.”

Si kweli, ingawa najua dai hili limetoka wapi. Tamthilia zilizoivusha Korea Kusini mipaka yake zilikuwa za mapenzi. Winter Sonata ya mwaka 2002 iliwaliza Wajapani baada ya kituo cha NHK kuanza kuionyesha mwaka 2003, hata watalii wakawa wanavuka maji kwenda kisiwa cha Nami kupiga picha pale walipotembea wale wapendanao. Mwaka 2009 ikaja Boys Over Flowers, yenye mrithi wa kampuni kubwa na binti wa dobi, na kwa watazamaji wengi duniani hiyo ndiyo ikawa sura ya Korea nzima.

Wakorea wenyewe walikuwa na kitu kingine muda mrefu kabla ya hapo. Januari 1995 kituo cha SBS kilianza kuonyesha Sandglass, tamthilia ya sehemu 24 inayofuata watu watatu: mmoja anaishia kuwa jambazi, mwingine mwendesha mashtaka, na wa tatu ni binti wa mmiliki wa kasino. Ndani yake mna mauaji ya Gwangju ya Mei 1980, pale wanajeshi walipowafyatulia risasi raia walioupinga utawala wa kijeshi. Jambo hilo lilikuwa limefunikwa kwa miaka mingi, na hapo likaingia sebuleni kwa kila mtu, usiku baada ya usiku. Watu waliwahi kutoka kazini ili wasiikose.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi namwelekeza kwa mwongozaji mmoja tu, Kim Won-seok. Mwaka 2014 aliongoza Misaeng, iliyotokana na katuni ya mtandaoni ya Yoon Tae-ho. Kijana Jang Geu-rae ametumia utoto wake wote kujifunza baduk, mchezo wa kupanga vijiwe vyeusi na vyeupe ubaoni, akitaka kuwa mchezaji wa kulipwa. Anashindwa. Anaingia katika kampuni ya biashara ya kimataifa bila shahada, bila lugha ya kigeni, kwa mkataba wa muda. Sehemu 20 nzima ni mashine ya kunakili karatasi, ripoti zinazorudishwa, bosi anayekunywa kupita kiasi kwa sababu ana mzigo moyoni, na swali moja: je, atapewa ajira ya kudumu? Mapenzi hayamo. Na bado ukiitazama mikono inakutoka jasho. Iligusa watu kiasi kwamba mwishoni mwa 2014, serikali ilipopendekeza mikataba ya muda irefushwe kutoka miaka 2 hadi 4, pendekezo hilo lilibandikwa jina la huyo Jang Geu-rae, na vyama vya wafanyakazi vikalipinga vikali.

Mwongozaji huyohuyo alitoa Signal mwaka 2016. Ni ya upelelezi: redio ya upepo ya polisi inamuunganisha mpelelezi wa sasa na mwenzake wa miaka ya nyuma, na kwa pamoja wanafukua kesi za mauaji zilizokwisha kufungwa. Mtunzi wake, Kim Eun-hee, alichota kwenye mauaji ya kweli ya Hwaseong, ambako wanawake 10 waliuawa kati ya 1986 na 1991 na muuaji halisi hakupatikana kwa miaka mingi. Nilipoitazama mara ya kwanza niliona kuwa hasira ya tamthilia ile haikuwa ya kuigiza. Inawauliza polisi na mahakama kwa nini familia za waliouawa zisubiri mpaka zizeeke. Mwaka 2019, miaka 3 baada ya tamthilia kwisha, vipimo vya DNA vilimtambua muuaji wa Hwaseong: alikuwa gerezani tayari kwa kosa jingine.

Halafu kuna My Mister ya mwaka 2018, nayo ya Kim Won-seok, iliyotungwa na Park Hae-young. Mhandisi wa majengo aliyeingia miaka ya arobaini, ndugu zake wawili waliofeli maisha, na kibarua wa ofisini mwenye umri wa miaka 21 anayeandamwa na mkopeshaji huku akimuuguza bibi yake asiyesikia. Jina lake na tangazo lake viliwafanya wengi wadhani ni mapenzi ya mzee na binti. Sivyo. Ni watu wawili waliochoka wanaogundua kwamba kuna mtu mwingine anayewaona. Mwaka 2019 ilishinda tuzo ya tamthilia bora katika Baeksang, tuzo zinazoheshimiwa sana kule, na mtunzi wake akapata tuzo ya uandishi.

Hizo ni tatu, za mtu mmoja. Sijagusa Juvenile Justice ya 2022, yenye jaji anayewahukumu watoto na kutamka wazi kwamba anawachukia watoto wahalifu. Wala sijagusa The Glory, iliyoanza mwishoni mwa 2022, ya mwanamke anayepanga kisasi kwa waliomtesa shuleni.

“Ni ndefu, hazina mwisho.”

Si kweli, na hapa ndipo mtu aliyechoka na muvi za mwendelezo anapopaswa kutega sikio. Tamthilia ya kawaida ya jioni nchini Korea kwa miaka mingi imekuwa na sehemu 16, kila moja ikichukua saa moja na dakika kidogo. Huonyeshwa mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumanne kwa mfano, au Jumamosi na Jumapili. Baada ya wiki 8 imekwisha. Haitegemei msimu wa pili, na mara nyingi msimu huo haupo kabisa. Hadithi ilianza, ikapanda, ikafungwa.

Sababu kubwa ni namna zinavyoandikwa. Marekani tamthilia nyingi huandikwa na kundi la watunzi katika chumba kimoja, na idadi ya misimu hutegemea mapato. Korea mara nyingi mtunzi ni mmoja, na jina lake ni kubwa kama la waigizaji. Watazamaji wanamfuata Noh Hee-kyung au Kim Eun-sook kama msomaji anavyomfuata mwandishi wa riwaya anayempenda. Mtu mmoja aliyeibeba hadithi tangu mwanzo anajua inaelekea wapi, na jambo dogo la sehemu ya pili hurudi sehemu ya kumi na nne likiwa na maana mpya. Filamu ya saa 2 haina nafasi ya kufanya hivyo. Msururu wa filamu 9 unayo nafasi, lakini haukuandikwa na mkono mmoja.

Zipo ndefu kweli. Jumong ya 2006 ina sehemu 81, na Dae Jang Geum, ambayo wengi wanaijua kama Jewel in the Palace, ina sehemu 54. Zile za kila siku jioni hupita 100. Kama huna subira, hizo ziache kwanza. Usizitumie kuzihukumu zile za sehemu 16.

“Zinakwenda polepole.”

Hili ni kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Sehemu ya kwanza ya tamthilia nyingi nzuri za Kikorea haina mlipuko wala maiti. Watu wanakula. Wanakula sana: wali, supu, kimchi, tambi za usiku. Mtu anapanda ngazi za mtaa wa mlimani akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, na kamera inamwacha apande mpaka juu. Katika Reply 1988, iliyoonyeshwa kuanzia Novemba 2015, familia chache za kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, Seoul, zinapelekeana mabakuli ya mboga kabla ya chakula cha jioni, mtoto huyu akitumwa huku na yule kule, mpaka kila meza inajaa vyakula vya majirani. Dakika kadhaa zinatumika kwa hilo tu. Aliyelelewa uswahilini, ambako sahani ya jirani hairudishwi tupu, hataona kwamba muda umepotezwa.

Mwendo huo wa polepole una kazi. Unapofika wakati wa mtu kuvunjika moyo, unamjua: unajua anavua viatu vipi, anamjibu mama yake vipi, ana deni la nani. Ndiyo maana kilio cha tamthilia hizi kinaingia ndani. Filamu kubwa za sasa zinaua maelfu ya watu ndani ya dakika 10 na hatumlilii hata mmoja.

Watazamaji wa Korea wenyewe huchelewa kuzipenda. SKY Castle, inayohusu akina mama matajiri wanaofanya lolote watoto wao waingie chuo kikuu bora, ilianza Novemba 2018 kwa asilimia 1.7 tu ya watazamaji na kumaliza kwa zaidi ya asilimia 23. Extraordinary Attorney Woo ya 2022, yenye wakili kijana mwenye usonji, ilianza kwa asilimia 0.9 katika kituo kisichojulikana sana na ikamaliza kwa asilimia 17.5. Hakuna tangazo linaloweza kufanya hivyo. Watu waliambizana.

“Ni za wasichana.”

Si kweli. Nimeshataja Misaeng na Signal. Lakini ninayependa kuwatajia wanaume na wanawake wa makamo ni Dear My Friends ya 2016, kazi ya Noh Hee-kyung, ambayo wahusika wake wakuu ni wazee. Wanagombana, wanafanya safari, wanaogopa kusahau majina ya watoto wao, wanazikana. Mmoja wa waigizaji wake ni Youn Yuh-jung, ambaye mwaka 2021 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Minari. Ni nchi ngapi zingekabidhi tamthilia ya saa za watazamaji wengi kwa bibi wa miaka sabini?

“Nimeona Squid Game, kwa hiyo nimeziona.”

Hapana. Squid Game ni kazi nzuri, na wanaoibeza kwa sababu ya damu wanapitwa na jambo. Hwang Dong-hyuk aliandika wazo lake takriban mwaka 2008 na 2009, akiwa na shida ya fedha, na wawekezaji wa nyumbani wakalikataa kwa miaka kama 10. Steringi wake, Gi-hun, ni fundi aliyeachishwa kazi katika kiwanda cha magari baada ya mgomo. Mkorea anapomwona anakumbuka mgomo wa Ssangyong wa mwaka 2009, uliodumu siku 77 na kumalizwa na polisi kwa nguvu. Michezo ile ya watoto imejengwa juu ya kidonda cha kweli. Septemba 2022 mwigizaji Lee Jung-jae na Hwang mwenyewe walishinda tuzo za Emmy.

Hata hivyo iliandaliwa kwa ajili ya Netflix, msimu wa kwanza ukiwa na sehemu 9 za kutazamwa kwa mkupuo, na kasi yake iko karibu zaidi na filamu. Ukiipima Korea kwa hiyo peke yake utapata picha ya mauaji. Ukiipima kwa Boys Over Flowers peke yake utapata picha ya maua. Pia, wazazi, tafadhali: haikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Tamthilia zinazorushwa na vituo vya Korea huwa na namba ya umri kwenye kona ya skrini, 12, 15 au 19. Namba hiyo ikiwepo, iheshimuni.

“Za kihistoria ni somo la historia.”

Si kweli, na uzushi huu unaenezwa na mashabiki wenyewe kwa nia njema. Jang-geum aliishi. Kumbukumbu za wafalme wa Joseon zinamtaja mara chache kama mganga wa kike aliyeaminiwa na mfalme Jungjong, aliyetawala 1506 hadi 1544. Lakini jiko la kifalme, fitina za wapishi, mapenzi na ofisa mwema, hayo yote ni ubunifu wa mwaka 2003. Jumong anatajwa na vitabu vya kale kama mwanzilishi wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo, na vitabu hivyohivyo vinasema alitoka katika yai. Kitazame kisa, kifurahie, kisha kama unataka historia tafuta kitabu.

Wakorea wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Machi 2021 SBS ilianza kuonyesha Joseon Exorcist, watazamaji wakaona vyakula na mapambo ya Kichina katika kasri la Kikorea na wafalme wao wakivunjiwa heshima. Malalamiko yalikuwa makubwa, wadhamini wakajiondoa, na tamthilia ikafutwa baada ya sehemu 2 tu.

Cha ajabu ni kwamba uchunguzi mzuri zaidi wakati mwingine umo katika kisa kinachoonekana chepesi. Crash Landing on You, iliyoanza Desemba 2019, ni ya mwanamke tajiri wa Kusini anayepeperushwa na upepo kwa mwavuli wa kurukia mpaka Korea Kaskazini. Wazo ni la kuchekesha. Lakini katika timu ya uandishi alikuwemo mtu aliyetoroka Kaskazini, na waandaaji waliwahoji wengine waliotoka huko. Kijiji kile chenye umeme unaokatika, wake za wanajeshi wanaokusanyika kutengeneza kimchi, soko la siri la bidhaa za Kusini, vilijengwa kutokana na kumbukumbu za watu waliokuwa wakiishi hivyo.

“Doudou ni ya Kikorea.”

Si kweli. Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoonyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, ni ya Kichina, na Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Ni tamthilia ya kupendeza, ila ni ya nchi nyingine, lugha nyingine na namna nyingine ya kusimulia.

“Bila Kiingereza huwezi kuzifuata.”

Nusu kweli. Maandishi ya chini ya skrini mengi ni ya lugha kubwa za dunia, na asiyeyasoma kwa haraka atapata taabu. Lakini Afrika Mashariki ilikwisha kupata dawa yake zamani: watafsiri wa vibanda vya video, madijei wa Tanzania na wenzao wa Uganda, wanaosimulia juu ya sauti ya filamu. Watu waliofuata sizoni za Kikorea kwa njia hiyo wanazijua hadithi vizuri. Kinachopotea ni uchezaji wa sauti. Wakorea hubadilisha namna ya kusema kulingana na umri na cheo, na mhusika anapoacha usemi wa adabu na kumsemesha mwenzake kama rika, hilo ni tukio zima ndani ya kisa. Anayeweza kusoma maandishi asiogope. Baada ya sehemu mbili macho yanazoea.

“Zimejaa matangazo ndani yake.”

Kweli. Sheria ya utangazaji ya Korea iliruhusu mwaka 2010 bidhaa zionyeshwe ndani ya kipindi kwa malipo, na tangu hapo wapendanao wamekuwa wakikutana mara nyingi mno katika migahawa ya Subway. Katika Descendants of the Sun ya 2016 wanajeshi walionekana wakinyonya vipakiti vya dawa ya mizizi ya jinsengi. Inakera. Watunzi wazuri hujitahidi kuificha, na tamthilia zinazolipiwa na majukwaa ya mtandaoni hazina sana tatizo hilo.

“Waigizaji na mafundi wake wanaishi kama wafalme.”

Si kweli, na mpenzi wa tamthilia hizi anapaswa kulijua hili. Kwa miaka mingi sehemu zilikuwa zikiandikwa na kupigwa picha wiki ileile ya kuonyeshwa. Kurasa za mazungumzo zilifika asubuhi, kamera ziliwashwa mchana, na kanda ilipelekwa kituoni saa chache kabla. Wahudumu wa taa na sauti walikesha siku kwa siku. Sheria ya mwaka 2018 iliyopunguza wiki ya kazi hadi saa 52, pamoja na desturi mpya ya kukamilisha upigaji picha kabla ya kuonyesha, imepunguza mateso hayo, lakini hadithi tulizolilia zamani zilitengenezwa na watu waliokuwa wanasinzia wakiwa wamesimama.

Basi uanzie wapi? Inategemea umechoka na nini. Kama kinachokuchosha ni mashujaa wasiokufa, anza na Misaeng. Mpenda upelelezi atulie na Signal. Familia inayotaka kutazama pamoja ichukue Reply 1988, au When Life Gives You Tangerines ya 2025, ambayo pia iliongozwa na Kim Won-seok na inafuata maisha ya mke na mume wa kisiwa cha Jeju tangu ujana hadi uzee. Jeju ndiko wanawake wanaozamia kombe bila mtungi wa hewa wanakofanya kazi, na mama wa mhusika mkuu ni mmoja wao. Lakini ukiniuliza iliyo bora kuliko zote nitakutajia My Mister. Itazame usiku, sehemu moja moja, na usiihukumu kabla ya kuimaliza ya nne.